Kuhama Bila Kusimamisha Kazi

Mwenye nyumba atakaye kuiezeka upya hana budi kuwatoa kwanza wakaao ndani. Kwa muda mrefu ndivyo ilivyokuwa kwa seva, yaani kompyuta zinazohudumia watu wengi kwa pamoja: zilipohitaji matengenezo, kazi ilisimama.

Katika miaka ya 1960 kampuni ya IBM ya Marekani ilibuni programu ya kuigawa kompyuta moja ikawa kama nyingi, kila moja ikifanya kazi kana kwamba iko peke yake. Kompyuta hizi zisizo na mwili wao wenyewe huitwa kompyuta pepe. Kwa kuwa hazikufungwa na chuma, yawezekana kuzihamisha kutoka seva moja hata nyingine. Mwaka 2003 kampuni ya VMware ilitoa VMotion, programu iliyozihamisha zingali zikifanya kazi.

Mwaka 2005 wataalamu wa Cambridge na Copenhagen walieleza njia yao katika programu ya Xen. Kwanza kumbukumbu yote hunakiliwa huku kazi ikiendelea. Kisha hunakiliwa tena sehemu zilizobadilika. Mwisho kompyuta pepe husimamishwa kidogo, mabaki yakavushwa, nayo ikaendelea upande wa pili. Walipoihamisha seva ya mchezo uliokuwa ukichezwa, ilisimama kwa sehemu 60 tu katika 1,000 za sekunde.

Je, jambo hili lina maana? Wako wasemao ya kwamba halina. Seva ikifa ghafla, husema, hapana cha kuhamisha tena. Afadhali kazi igawanywe kwa seva nyingi, hata mojawapo ikianguka nyingine ziendelee. Hoja hii ni ya kweli, lakini haitoshi, maana si kazi zote zilizojengwa hivyo.

Mwezi wa Septemba 2014 kosa la usalama lilipoonekana katika Xen, kampuni ya Amazon ililazimika kuzima na kuwasha upya sehemu isiyozidi asilimia 10 ya seva zake za kukodisha. Wateja walipewa siku chache tu kujitayarisha. Aliyeitegemea kompyuta moja alikatizwa kazi yake.

Basi, uhamisho huu hauiokoi seva iliyokwisha kufa. Faida yake ni kumwezesha fundi kuuziba ufa siku ile ile anapouona. Asipokuwa nao, huchelea kuwasumbua watu, akaahirisha. Na ufa ulioahirishwa ndio mlango wa mwizi.