Pombe na saratani ya ngozi kwa wanawake: ukweli ni upi?

Swali hili linatufikia kwa meseji kutoka Buhongwa na vijiji vya jirani: je, ni kweli mwanamke anayekunywa pombe anapata saratani ya ngozi? Kwamba pombe husababisha saratani, hilo halina ubishi tena. Ila kwa mama wa Kanda ya Ziwa, ngozi siyo sehemu ya kwanza inayoshambuliwa.

Habari yenyewe ilitoka Marekani. Watafiti waliwafuatilia karibu wanawake 60,000 waliokwisha kukoma hedhi. Waliokuwa wakipata vinywaji saba au zaidi kwa wiki waliugua saratani ya ngozi kuliko wasiokunywa, ikiwemo melanoma, ile kali inayosambaa haraka. Matokeo yalitolewa mwaka 2014. Sasa angalia: wanawake wote hao walikuwa Wazungu, ambao ngozi yao ina kinga ndogo dhidi ya jua. Tena utafiti wa namna hiyo unaonyesha mambo mawili yanayokwenda pamoja, haithibitishi kwamba moja ndilo lililoleta lingine. Anayekunywa bia ufukweni anaunguzwa na jua pia.

Kilichothibitishwa ni hiki. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya WHO, liliiweka pombe kwenye kundi la visababishi vya saratani mwaka 1988, kundi moja na sigara. Saratani zenyewe ni za kinywa, koo, umio (njia ya chakula), ini, utumbo mpana na, kwa wanawake, titi. Ngozi haimo kwenye orodha hiyo.

Mwili ukivunjavunja pombe unatengeneza sumu iitwayo asetaldehaidi, ambayo huharibu vinasaba ndani ya seli. Kwa mwanamke kuna la ziada: pombe hupandisha homoni ya estrojeni, na homoni hiyo inaweza kuchochea uvimbe kwenye titi. Isitoshe, mwili wa mwanamke kwa kawaida una maji kidogo kuliko wa mwanaume, hivyo chupa ile ile humkolea zaidi kwenye damu.

Wapo wanaoniambia wao hawanywi gongo, wanakunywa bia tu, au wanzuki ya asali. Kilevi ni kile kile. Bia moja ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina karibu gramu 20 za kilevi, na hatari ya saratani ya titi huanza kupanda hata chini ya kiasi hicho kwa siku. Viroba vilipigwa marufuku Machi 2017, lakini kilichokuwa ndani yake bado kipo kwenye chupa. Mwaka 2023 WHO ilisema wazi kwamba hakuna kiwango cha pombe kisicho na madhara kwa afya.

Turudi kwenye ngozi, maana huku kwetu saratani hiyo ipo, na adui wake mkubwa ni jua. Wanaoumia zaidi ni wenzetu wenye ualbino. Madaktari wa Bugando walichapisha mwaka 2012 taarifa ya wagonjwa 64 wenye ualbino waliotibiwa saratani ya ngozi hapo. Kichwa na shingo ndivyo vilivyoathirika zaidi, na wengi walifika hospitali wakiwa wamechelewa. Dada mwenye ualbino anayeanika dagaa mwaloni kutwa nzima anahitaji kofia pana, mikono mirefu na mafuta ya kukinga jua, kama yale yanayotengenezwa KCMC, Moshi. Akilewa na kusinzia juani bila kofia, hapo pombe inamuongezea hatari, hata kama haimo kwenye orodha.

Kwa wenye ngozi nyeusi saratani hii ni adimu, lakini hujificha. Huweza kuota kwenye kovu la moto au kidonda cha miaka mingi mguuni. Melanoma nayo hupenda unyayo na chini ya kucha, sehemu ambazo jua halifiki. Bob Marley aligunduliwa nayo kwenye kidole gumba cha mguu mwaka 1977, akafariki Mei 1981 akiwa na miaka 36. Wengi wanacheza nyimbo zake bila kulijua hilo.

Kwa hiyo jikague unapooga: nyayo, kucha, makovu ya zamani, matiti, makwapa. Kidonda kisichofunga ndani ya mwezi mmoja, doa jeusi linalopanuka, uvimbe kwenye titi au chakula kinachokwama kooni, nenda navyo zahanati hata kama haviumi. Mweleze mganga ukweli kuhusu pombe unayokunywa, naye akiona inafaa atakupa rufaa ya Sekou Toure au Bugando. Kidonda au uvimbe ukikatwa, uliza kama kipande kimepelekwa maabara, na majibu uyafuate siku gani.