Tehama Tanzania: serikali mjenzi, serikali mteja

Sekta ya tehama nchini Tanzania inajumuisha kampuni, taasisi na wataalamu wanaotengeneza, kuuza na kutunza programu, vifaa na huduma za mawasiliano ya kidijitali. Mchango wa serikali katika kuikuza hupimwa mara nyingi kwa urefu wa nyaya zilizotandazwa, minara iliyosimikwa na mifumo iliyozinduliwa. Kwa vipimo hivyo Tanzania haina cha kuonea haya. Lakini nyaya na mifumo ni mali ya dola, ilhali sekta ni watu wanaopata riziki kwa kuitengeneza na kuihudumia, na hao hawaongezeki kwa sababu tu kebo imepita karibu na kwao. Kinachowaongeza ni kazi yenye malipo, na hakuna taasisi nchini yenye kazi nyingi za namna hiyo kuliko serikali. Hoja ya makala hii ni kwamba serikali imekuwa mjenzi hodari lakini mteja mgumu, na kwamba ugumu huo wa mteja ndio unaoibana sekta.

Ipinda panafaa kuipimia hoja hiyo. Ni mji mdogo wa wilaya ya Kyela, mkoani Mbeya, kwenye barabara ya Kikusya–Ipinda–Matema iendayo ufukweni mwa Ziwa Nyasa, na watu wake wanaishi kwa kakao, mpunga, ndizi na michikichi. Katika wilaya hiyo hiyo, Kasumulu kwenye mto Songwe, Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano unavuka mpaka kuingia Malawi. Kakao ya huku nayo imeshaingia mtandaoni. Mkulima akishavundika punje zake na kuzianika, anazipeleka kwenye chama cha msingi, AMCOS. Zinapanda mizani, karani anaandika jina na kilo, mzigo unakwenda ghalani chini ya utaratibu wa stakabadhi ghalani uliowekwa kwa sheria ya 2005. Wanunuzi wanashindana bei mnadani, na miaka ya karibuni minada hiyo imehamia kwenye mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania, TMX. Ushuru wa halmashauri na makato ya ushirika vinatolewa, kisha fedha zinamfikia mkulima kwa njia ya benki au simu. Utaratibu huu umeibana biashara ya njemke, ile ya kununua kakao mbichi kwa bei ya kutupa, ingawa haujaimaliza. Bei ya dunia ilipovuka dola 10,000 kwa tani mwaka 2024, tofauti kati ya kuuza mnadani na kuuza gizani haikuhitaji semina.

Swali linalofuata ni la fedha: nani analipwa kuitengeneza na kuitunza mifumo hii? Mnada ni wa TMX. Mfumo wa kusimamia vyama vya ushirika, MUVU, ni wa Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Malipo ya kwenda serikalini yanapita kwenye GePG, mfumo wa malipo wa kielektroniki wa Hazina, na usajili wa wakulima kwa ajili ya mbolea ya ruzuku, ulioanza msimu wa 2022/23, uko chini ya wizara ya kilimo. Yote ni mifumo ya taasisi za umma zenye makao Dodoma au Dar es Salaam. Mbeya mjini, kilomita zaidi ya 100 kutoka Ipinda, kuna Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia, MUST, chenye wahitimu wa kompyuta kila mwaka. Kwao, kama kwa mkulima, teknolojia ya kakao inafika ikiwa imeshapikwa, na kilichobaki ni kuitumia.

Hali hii ina historia ndefu. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta na televisheni, baada ya jaribio la kuweka hesabu zake kwenye kompyuta kwenda mrama, na kamba ililegezwa polepole hadi miaka ya 1990. Sera ya kwanza ya taifa ya tehama ilitoka 2003, ya pili 2016, na Tume ya Tehama ilianzishwa 2015. Kazi kubwa zaidi ilikuwa ya ujenzi: mkongo ulianza kutandazwa 2009 kwa mkopo wa Benki ya Exim ya China, na awamu zake mbili za kwanza zilifika kilomita 7,560. Vijijini, Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, uliotokana na sheria ya 2006, unatoa ruzuku kwa kampuni za simu. Mwaka 2023 ilisainiwa mikataba ya minara 758 katika kata 713. Mfuko huu unastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu humo serikali haijengi mnara wala haiuzi vocha. Inataja kata zinazohitaji huduma, inatangaza zabuni, inalipa sehemu ya gharama, na kampuni zinabaki na kazi, wafanyakazi na wateja. Huyo ndiye mteja anayezungumziwa hapa. Ajabu ni kwamba kwenye programu, ambako mtaji unaohitajika ni mdogo kuliko wa mnara, serikali hiyo hiyo imeshika njia ya kinyume.

Wakala wa Serikali Mtandao ulianza 2012 na kugeuzwa mamlaka kwa Sheria ya Serikali Mtandao ya 2019. Tangu hapo fahari ya serikali imekuwa mifumo iliyotengenezwa na wataalamu wa ndani, na kwa maana ya wataalamu wa ndani, mara nyingi wanakusudiwa watumishi wa umma. Mfano ulio wazi ni ununuzi wa umma: TANePS, uliojengwa na kampuni ya kigeni, ulibadilishwa 2023 kwa NeST, uliojengwa na Watanzania. Kumwondoa mgeni kulikuwa ushindi wa kweli. Hata hivyo kazi haikwenda kwenye kampuni ya Kitanzania ambayo kesho ingeuza mfumo kama huo Lilongwe au Lusaka, bali ilirudi ofisini. Mtumishi hodari wa serikali hana cha kuuza nje ya nchi, na hana sababu ya kukitafuta.

Watetezi wa njia hii wana hoja nzito. Mifumo ya ndani ni nafuu, data za wananchi zinabaki mikononi mwa dola, na hakuna mzabuni wa kuiteka serikali. Wanaweza kutaja eCitizen ya Kenya, iliyotengenezwa na kampuni binafsi ya nchini humo na ikaja kuzua mgogoro wa umiliki. Lakini mgogoro ule ulitokana na mikataba: nani mwenye programu, nani anashika fedha zinazopita humo. Hayo yanaandikwa kabla ya kazi kuanza. Kodi, vitambulisho na hazina ya malipo vibaki serikalini, hapo hakuna ubishi. Kinachoweza kutoka ni vile vinavyozunguka kiini hicho: zana za ghala, daftari la AMCOS, mafunzo ya makarani, matengenezo. GePG yenyewe imeonyesha kwamba inawezekana. Tangu 2017 serikali imeshika kiini, benki na kampuni za simu zimeunganishwa nacho, na mwananchi mwenye namba ya malipo (control number) analipia kwa wakala wa jirani, ambaye naye anapata kamisheni yake.

Wengine wanahofia kwamba kuwapendelea wazawa kutaleta bidhaa mbovu kwa bei ya juu. Brazil ilifanya hivyo: sheria yake ya 1984 ilizitengea kampuni za nyumbani soko la kompyuta, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 ikaachwa, wanunuzi wakiwa wamechoka na mashine ghali zilizopitwa na wakati. Tofauti ni kwamba Brazil ilimlazimisha kila mnunuzi, wakati hapa anazungumziwa mnunuzi mmoja, serikali, anayeweza kukataa kazi mbovu. India kwa upande wake haikufunga mlango. Kuanzia 1991 hifadhi zake za programu ziliwapa wenye kampuni mawasiliano ya setilaiti na unafuu wa ushuru wa vifaa, wakaachwa wahangaike na wateja wa nje. Tanzania ya 2021 ilipita njia nyingine: Julai iliweka tozo kwenye miamala ya simu, na Septemba ikalazimika kuipunguza kwa asilimia 30. Mkono mmoja ulikuwa unatandaza mkongo, mwingine unakamua waliounganishwa nao.

Inasemwa pia kwamba Kyela inahitaji barabara, dawa za kakao na kinga ya mafuriko kabla ya programu. Ni kweli, ila hapa haiombwi shilingi mpya. Fedha za mifumo zinatumika kila mwaka wa bajeti. Linaloulizwa ni mfuko zinamoingia.

Mlango upo, tena umeshaandikwa kwenye sheria. Ununuzi wa umma unatenga asilimia 30 kwa makundi maalumu, wakiwemo vijana, fungu ambalo ni rahisi kulielekeza kwenye usafi na vifaa vya ofisi. Tuzo zipo pia, kama za MAKISATU, mashindano ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, tangu 2019, lakini tuzo inalipa mara moja na haimfundishi mshindi kumhudumia mteja anayelalamika. Kikundi cha wahitimu wa MUST kingeweza kuomba kazi ya kuunganisha mizani za AMCOS za Ipinda na mfumo wa ghala, ili kilo ziingie bila karani kuziandika upya. Kwa hilo zabuni ingepaswa kukatwa iwe ya ukubwa wa wilaya badala ya nchi nzima, isidai miaka ya uzoefu ambayo mhitimu hawezi kuwa nayo, na malipo yatoke ndani ya msimu. Malimbikizo ya madeni ya wazabuni yanajirudia katika ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG), na kampuni ya watu watano haiwezi kuisubiri Hazina kwa mwaka mzima huku ikilipa kodi ya pango.