Mwarabu Mkristo Tumweke Upande Upi?

Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Kahororo, hapa Bukoba. Mpwa wangu wa kidato cha tatu alikuwa amerejea kutoka ziara ya shule huko Zanzibar, ambako walitembelea maonyesho ya biashara ya utumwa yaliyo Mkunazini, katika eneo la Kanisa Kuu la Anglikana. Baada ya shikamoo akaniambia kwa uhakika mkubwa: "Mjomba, nimeelewa sasa. Waarabu walituuza, Wakristo wakatukomboa." Nikamwuliza: "Na Mwarabu aliye Mkristo utamweka upande upi?" Akacheka, akidhani ninamtania.

Sikuwa ninatania. Nimefika Mkunazini zaidi ya mara moja, na sijapata kutoka pale nikiwa mwepesi wa moyo. Sanamu za watumwa watano waliosimama shimoni, minyororo shingoni, zinasema ukweli ambao hakuna mwenye dhamiri awezaye kuukanusha. Soko lile lilifungwa mwaka 1873 kwa mkataba ambao Sultani Barghash aliutia saini kwa shinikizo la Waingereza, na siku ya Krismasi ya mwaka huohuo likawekwa jiwe la msingi la kanisa. Lakini maonyesho hufundisha hata kwa yale ambayo hayakuyasema. Kijana hutoka pale akiwa na mizani miwili: katika mmoja Mwarabu, Mwislamu na muuzaji; katika mwingine Mzungu, Mkristo na mkombozi.

Historia haikubali mgawanyo huo. Mwaka 1776 Mfaransa Morice alifanya mkataba na Sultani wa Kilwa ili auziwe watumwa 1000 kila mwaka, kwa ajili ya mashamba ya visiwa vya Bahari ya Hindi vilivyotawaliwa na Ufaransa. Wenye mashamba hayo walikuwa Wakristo waliobatizwa. Kwa upande mwingine, mwaka 1864 Sultani Majid alimkabidhi Askofu Tozer wavulana watano waliokuwa wamenaswa katika jahazi la watumwa. Mmoja wao, John Swedi, alipewa ushemasi mwaka 1879. Majid huyohuyo alitawala dola iliyoneemeka kwa jasho la watumwa. Na baada ya jiwe la kanisa kuwekwa, utumwa wenyewe uliendelea kutambuliwa na sheria za Zanzibar hadi mwaka 1897, yaani miaka 24 zaidi.

Kuna jambo jingine, nalo liko midomoni mwetu kila Jumapili. Maneno kanisa, askofu, kasisi, msalaba na Injili yote yametufikia kutoka Kiarabu. Kiarabu nacho kiliyapokea kutoka Kiaramu na Kiyunani, na Wakristo wa Misri, Shamu na Iraki wameyatumia katika ibada zao kwa karne nyingi. Kabla ya Uislamu kulikuwa na makabila ya Kiarabu yaliyobatizwa, wakiwamo Ghassan wa Shamu, na mji wa Najran ulikuwa na jumuiya ya Wakristo. Wakopti wa Misri na Wamaroni wa Lebanoni wapo hadi leo. Mwaka 2017 Taasisi ya Dunia ya Kiarabu mjini Paris ilifungua maonyesho ya historia yao ya miaka 2000. Sisi hatukuhitaji kwenda Paris ili kuujua ujirani huo. Laurean Rugambwa, mwana wa Kagera aliyekuwa Mwafrika mweusi wa kwanza kufanywa Kadinali mwaka 1960, tulimwita askofu kwa neno la Waarabu.

Hata vazi linatukumbusha. Mapadri Weupe, walioanzisha misheni ya Kashozi mwaka 1892, hawakupewa jina hilo kwa rangi ya ngozi. Shirika lao liliundwa mwaka 1868 na Lavigerie, Askofu Mkuu wa Algiers, akawavika kanzu nyeupe na joho kwa mfano wa mavazi ya wenyeji wa Algeria. Basi Ukristo ulipopanda vilima vya Buhaya ulikuja umevaa vazi la Afrika ya Kaskazini, vazi la nchi ya Kiislamu. Lavigerie huyohuyo ndiye aliyezunguka Ulaya mwaka 1888 akihubiri dhidi ya utumwa.

Sisemi haya ili kumpunguzia yeyote dhambi yake. Mfanyabiashara Mwarabu aliyeuza watu aliuza watu, na Mfaransa aliyewanunua aliwanunua. Ninachokataa ni kuihamisha hatia kutoka kwa mtenda na kuitwika kabila au dini, kwa maana hatia ikishatwikwa dini hurithiwa na watoto wasio na kosa. Katika nchi ambamo Mwislamu na Mkristo huzikana na kuozana, urithi wa namna hiyo ni hatari kuliko ujinga.

Mpwa wangu alinyamaza kitambo, kisha akauliza: "Sasa mwalimu akituuliza tulijifunza nini, nimjibu nini?" Nikamwambia amweleze habari za mkataba wa Kilwa na za John Swedi, kisha amwombe ataje neno moja la Kiarabu analolitamka akiwa kanisani. Alikwenda kuchukua daftari.