Virginia McKenna na Filamu za Wanyamapori Afrika Mashariki

Virginia McKenna, mwigizaji Mwingereza wa jukwaani, wa filamu na wa televisheni, alizaliwa London tarehe 7 Juni 1931. Alisomea uigizaji jijini humo, akaanzia jukwaani, kisha akaingia kwenye filamu mwanzoni mwa miaka ya 1950. Sifa zake zilienea kwa filamu zilizohusu Vita Kuu ya Pili ya Dunia. A Town Like Alice ya mwaka 1956 ilimpatia tuzo ya BAFTA, na katika Carve Her Name with Pride ya 1958 aliigiza kama Violette Szabo, jasusi wa Uingereza aliyeuawa na Wajerumani. Mwaka 1957 aliolewa na mwigizaji mwenzake, Bill Travers.

Wakati huo Afrika Mashariki ilikuwa imekwisha kuwa uwanja wa watengeneza filamu kutoka ng'ambo. King Solomon's Mines ya 1950 ilipigwa katika nchi kadhaa za ukanda huu, Tanganyika ikiwemo. Hatari!, iliyotoka mwaka 1962, ilipigwa Tanganyika, upande wa Arusha, na mwigizaji wake mkuu ni John Wayne. Humo wanyama hufukuzwa kwa magari na kunaswa kwa kamba ili wauzwe kwenye bustani za wanyama, na wanasaji ndio mashujaa wa hadithi.

Born Free ilileta hadithi ya namna nyingine. Chanzo chake ni kitabu cha Joy Adamson cha mwaka 1960, kinachomhusu Elsa, simba jike aliyelelewa na Joy na mumewe George huko Kenya, kisha akarudishwa porini. Upigaji wa filamu ulianza Kenya mwaka 1964. McKenna aliigiza kama Joy, na Travers kama George. George mwenyewe alikuwa mshauri wao, akawafundisha kukaa na simba bila woga. Filamu ilitoka mwaka 1966 na kupata tuzo mbili za Oscar, zote za muziki.

Lakini simba walioigiza hawakupata uhuru ule uliosimuliwa. Wengi walipelekwa kwenye bustani za wanyama. Watatu tu, Boy, Girl na Ugas, walikabidhiwa kwa George, naye akawapeleka Meru, Kenya, kuwazoesha maisha ya porini.

Jambo hilo lilijirudia kwa tembo. Mwaka 1968 McKenna na Travers walikuwa Tsavo wakipiga An Elephant Called Slowly pamoja na ndama wa tembo aliyeitwa Pole Pole. Ndama huyo alikuwa amekamatwa ili awe zawadi ya serikali ya Kenya kwa bustani ya wanyama ya London. Wawili hao waliomba kumnunua ili abaki Kenya, wakajibiwa kwamba mwingine angekamatwa kujaza nafasi yake. Kwa kutotaka ndama wa pili atenganishwe na kundi lake, waliacha ombi hilo. Pole Pole alikwenda London, na akafa huko mwaka 1983 akiwa bado kijana kwa umri wa tembo.

Mwaka 1984 McKenna na Travers walianzisha Zoo Check, shirika la kufuatilia hali ya wanyama wanaofugwa kwenye bustani. Mwaka 1991 shirika hilo lilichukua jina la ile filamu ya Kenya, likawa Born Free Foundation. Travers alifariki mwaka 1994.

Katika miaka hiyo yote McKenna hakuiacha sanaa. Mwaka 1974 aliigiza kama Clementine, mke wa Winston Churchill, katika filamu ya televisheni The Gathering Storm. Mwaka 1979 aliigiza katika tamthilia ya muziki The King and I jijini London, na ikampatia tuzo ya Olivier. Hata hivyo, mwaka 2023 alipotunukiwa hadhi ya Dame, alitunukiwa kwa kazi ya kuhifadhi na kutetea wanyamapori.