Thor Hushovd

Thor Hushovd (amezaliwa Grimstad, Norwe, 18 Januari 1978) ni mwendesha baiskeli mstaafu aliyeshiriki mbio za barabarani za kulipwa kuanzia mwaka 2000 hadi 2014. Alishinda hatua 10 za Tour de France, akatwaa jezi ya kijani ya mshindi wa pointi mara mbili (2005 na 2009), na mwaka 2010 akawa bingwa wa dunia, Mnorwe wa kwanza kushinda taji hilo upande wa wanaume wa kulipwa.

Mwanzo

Grimstad ni mji mdogo wa pwani ya kusini. Hukohuko ndiko alikotoka Dag Otto Lauritzen, aliyeshinda hatua ya Tour mwaka 1987. Mwaka 1998 Hushovd alikuwa bingwa wa dunia wa vijana chini ya miaka 23 katika mbio dhidi ya saa, na mwaka huohuo akashinda Paris–Roubaix ya vijana.

Crédit Agricole (2000–2008)

Timu hii ya Kifaransa ndiyo iliyomlea. Ushindi wake binafsi wa kwanza katika Tour ulikuja mwaka 2002 huko Bourg-en-Bresse, na mwaka 2004 akawa Mnorwe wa kwanza kuvaa jezi ya njano ya anayeongoza mbio. Mwaka 2006 alishinda Gent–Wevelgem, kisha akafungua Tour kwa kushinda mbio fupi za Strasbourg na kuifunga kwa kushinda Paris. Katikati kulikuwa na tukio la ajabu: kesho yake baada ya Strasbourg, wakikimbilia mstari, mkono mkubwa wa kadibodi wa matangazo, ambao mashabiki huupunga pembeni mwa barabara, ulimchana mkono wa kulia. Alivuka mstari akivuja damu, akapelekwa hospitali, na jezi ya njano aliyokuwa ameivaa ikaenda kwa George Hincapie. Siku iliyofuata aliirudisha.

Jezi ya kijani, 2009

Akiwa na timu mpya ya Cervélo, alikutana na Mark Cavendish, Mwingereza aliyekuwa na kasi ambayo hakuna aliyeimudu. Cavendish alishinda hatua 6 mwaka huo. Hushovd alishinda moja tu, ya Barcelona, penye mwinuko na mvua. Huko Besançon waamuzi walimrudisha Cavendish mwisho wa kundi kwa kumzibia njia Hushovd, na maneno yakawa mengi kuhusu uhalali wa jezi hiyo.

Jibu lilitolewa milimani. Katika hatua ya 17, siku ambayo wamaliziaji wenye miili mizito hujikokota nyuma wakiogopa kukatwa kwa muda, Hushovd, mwenye kilo zaidi ya 80, alichomoka peke yake katika milima ya Alpi na kuzoa pointi 6 katika kila kituo cha pointi kati ya viwili vya njiani. Jijini Paris alikuwa na pointi 280, Cavendish 270. Bila zile 12 jezi isingekuwa yake.

Bingwa wa dunia

Tarehe 3 Oktoba 2010 huko Geelong, Australia, baada ya zaidi ya kilomita 260, aliwapiku Matti Breschel wa Denmark na Allan Davis wa Australia. Jezi ya upinde wa mvua ya bingwa wa dunia inasemekana huwaletea mabingwa mkosi. Kwake haikuwa hivyo: mwaka 2011, akiwa na timu ya Garmin-Cervélo, alikaa na jezi ya njano siku 7, kisha akashinda hatua mbili. Ile ya Lourdes ilipita mlima Aubisque. Alishuka kwa kasi ya zaidi ya kilomita 100 kwa saa, akamfikia Jérémy Roy, Mfaransa aliyekuwa mbele, na kumwacha zikiwa zimebaki kilomita chache.

Paris–Roubaix, mbio za barabara za mawe alizozitamani kuliko zote, hakuzipata: alikuwa wa tatu mwaka 2009 na wa pili 2010, nyuma ya Fabian Cancellara.

Miaka ya mwisho

Alihamia timu ya BMC mwaka 2012, na maradhi yakamharibia msimu mzima. Mwaka 2013 aliinuka kidogo, akashinda Arctic Race of Norway ya kwanza na ubingwa wa taifa. Alistaafu mwaka 2014.

Baada ya kustaafu

Amekuwa meneja mkuu wa Uno-X, timu ya Norwe.