Gari la Siri (Sehemu ya 1)

Msomaji, kaa vizuri. Leo tuko Osnabrück, kaskazini-magharibi mwa Ujerumani. Tarehe ni 16 Novemba 1953.

Karakanani kuna gari jipya, zuri ajabu. Limejengwa juu ya chesisi ya Volkswagen, na Volkswagen wenyewe hawana habari!

Bosi wao, Heinrich Nordhoff, amekuja kuoneshwa leo hii.

Anayemsubiri ni Wilhelm Karmann. Mwaka 1901 baba yake, ambaye naye ni Wilhelm, alinunua karakana ya kutengeneza magari ya farasi, akaigeuza kiwanda cha bodi za magari. Mwaka 1952 mzee akafariki. Sasa mzigo wote uko kwa mwana.

Na mzigo wenyewe si mchezo. Karmann ni kama fundi cherehani: kitambaa cha mteja, mshono wake. Volkswagen wakikunja mkono, Osnabrück watakula nini?

Ufundi wanao, hilo nakuapia. Mwaka 1949 Volkswagen waliwapa oda ya Beetle 1,000 za paa la kukunja.

Unadhani ni kukata bati tu? Thubutu! Toa paa uone bodi inavyolegea. Mafundi wakaikaza kwa chini kwa vyuma vya ziada, kisha juu wakafunga paa la turubai, tabaka juu ya tabaka, katikati wamesheheneza manyoya ya farasi. Mvua ipige, baridi ije, ndani hamna habari.

Lakini roho ya Wilhelm ilitaka kingine. Alitaka gari la kugeuza shingo za watu, kwa injini ileile ya Beetle. Akapeleka michoro Volkswagen. Ikakataliwa.

Wangehangaika ya nini? Beetle walizokuwa wakiunda hazikutosha wateja.

Basi Wilhelm akamfuata Luigi Segre wa kampuni ya Ghia, Turin, Italia. Akamweleza shida yake.

Segre akapiga kimya. Wiki zikapita, miezi ikapita.

Kumbe mwenzake hajalala! Alipata Beetle kupitia Paris, kwa siri, mafundi wake wakaivua bodi yote na kuivisha nyingine. Oktoba 1953 Wilhelm akaoneshwa kazi hiyo hukohuko Paris. Akaipenda palepale.

Mimi naona hapo ndipo alipocheza kamari kubwa ya maisha yake. Angeweza kurudi nyumbani akaendelea na paa za turubai. Hakutaka.

Haya, turudi karakanani. Nordhoff analitazama gari. Boneti imelala chini, ubavu umepinda kwa madaha, hakuna kona hata moja ya kukwaruza jicho.

Inasimuliwa kwamba alikiri: gari ni zuri. Wilhelm akashusha pumzi.

Halafu Nordhoff akaongeza: lakini bila shaka ni ghali mno.

Ghali? Mbona Wilhelm hajataja bei?

Akafungua mdomo kujibu...

Alisema nini? Jumamosi ijayo, msomaji wangu, usikubali kuhadithiwa!