Nyumba Yenye Magurudumu na Swali la Anwani

Rafiki yangu mmoja, tuliyesoma naye Mlimani na ambaye kwa miaka mingi sasa ni mkazi wa Marekani, ameuza nyumba yake na kununua gari-nyumba lililokwishatumika. Yeye na mkewe wanakusudia kuishi humo mwaka mzima, masika na kipupwe, wala si kwa likizo. Aliniletea orodha ya mambo wanayopaswa kuyakamilisha kabla ya kung'oa nanga, nami niliisoma kwa udadisi wa mtu asiyejua ufundi.

Nyingi ni kazi za mikono. Paa likaguliwe na kila kiungo kizibwe upya, maana maji ya mvua huozesha mbao za ukuta muda mrefu kabla mwenye nyumba hajaliona doa. Zisomwe tarakimu nne zilizochapwa pembeni mwa kila tairi, mbili za wiki na mbili za mwaka wa kutengenezwa, kwa kuwa gari la aina hii hukaa sana bila kutembea na tairi lake huzeeka likiwa bado halijawa kipara. Tangi la maji safi lisafishwe kwa dawa. Matangi mawili ya maji machafu, la maji ya kuogea na la choo, yapimwe kama hayavuji. Kisha betri, paneli za sola, mtungi wa gesi na king'ora cha kuonya moshi wa sumu usiku. Gari lipelekwe mizani likiwa limejazwa kila kitu, hata maji na watu. Chini kabisa, baada ya mambo yote hayo, ameandika maneno mawili: kupata anwani.

Mwanahistoria hawezi kulipita jambo hilo la mwisho. Mambo mengine yote katika orodha yanamhusu fundi, nalo linamhusu mkuu wa wilaya. Nionavyo mimi, historia ya nyumba zenye magurudumu ina mikondo miwili inayokwenda sambamba: mmoja ni wa watu wanaopambana na uzito, maji na gurudumu, mwingine ni wa dola inayotaka kujua mtu huyu ni wa wapi.

Tuanze na uzito. Katika miaka ya 1840, familia zilizohama kutoka Missouri kwenda Oregon na California, mwendo wa takriban kilomita 3,200, zilinunua gari la kukokotwa na maksai ambalo sanduku lake lilikuwa na upana wa mita moja na robo hivi na urefu wa mita tatu. Humo ndimo maisha yote yalipaswa kuingia. Lansford Hastings, katika kitabu chake cha mwongozo cha mwaka 1845, alishauri kila mtu mzima achukue unga ratili 200, nyama ya nguruwe iliyokaushwa ratili 150, sukari ratili 20, na kahawa na chumvi ratili 10 kila moja. Ukipiga hesabu, ni karibu kilo 177 kwa mtu mmoja. Kwa familia ya watu wazima wanne, chakula peke yake kinakaribia kilo 700, na gari lile halikupaswa kubebeshwa zaidi ya tani moja au kidogo zaidi kama maksai walitakiwa wafike hai.

Ndiyo maana kila aliyeandika kuhusu safari ile alisisitiza mambo yale yale: mbao za gari ziwe zimekaushwa vizuri, turubai lipakwe mafuta ya kitani lisipitishe mvua, na viungo vya sanduku vizibwe kwa lami ili gari livushwe mtoni kama mtumbwi. Mbao mbichi zilikuwa msiba. Katika hewa kavu ya nyanda za magharibi gurudumu lilisinyaa, ukanda wa chuma ukalegea na kuchomoka, na wasafiri walilazimika kulilaza gurudumu ndani ya maji usiku kucha ili livimbe tena. Tofauti yake na tairi la rafiki yangu ni ndogo, kwani yote mawili huharibika kwa wakati na hewa hata kama hayajakwenda mbali.

Mwaka 1849, wakati wa mbio za dhahabu, walioshuhudia njia ile waliandika juu ya milundo ya nyama, majiko ya chuma, masanduku na samani iliyotupwa kando ya njia, hasa karibu na Fort Laramie. Watu walikuwa wamegundua, wakiwa wamekwenda theluthi moja tu ya safari, kwamba nyumba waliyoipakia si nyumba inayoweza kutembea. Leo kazi hiyo ya kupunguza hufanywa mapema, kwenye mizani. (Madereva wetu wa malori wanaoiogopa mizani ya barabarani kama ardhi iendayo na mto wangemwelewa rafiki yangu haraka kuliko mimi.) Lita 300 za maji ni kilo 300, na hakuna fundi awezaye kulibadilisha hilo.

Nyumba ya magurudumu ya starehe ilikuja baadaye, nayo ina uhusiano na pwani yetu ambao wengi hawaujui. William Gordon Stables alikuwa tabibu Mskochi katika jeshi la wanamaji la Uingereza, na katika ujana wake alitumika kwenye manowari Penguin iliyosaka majahazi ya watumwa katika pwani hii ya mashariki ya Afrika. Aliporejea kwao akawa mwandishi wa hadithi za vijana. Mwaka 1885 aliagiza gari la kukokotwa na farasi wawili kutoka kwa kampuni ya Bristol Wagon Works, lenye mbao za mahogani, na kulipa jina la Wanderer. Aliliandaa kama baharia aandaavyo chombo, kila kitu na mahali pake. Kisha akafunga safari kutoka Twyford, kusini mwa Uingereza, hadi Inverness huko Uskochi. Mtumishi wake alitangulia mbele kwa baiskeli ya magurudumu matatu ili kuwaonya wengine barabarani. Kitabu alichokiandika juu ya safari hiyo kilitoka mwaka uliofuata, na chama cha wasafiri wa namna hiyo, Caravan Club, kilipoundwa mwaka 1907, Stables alikuwa miongoni mwa viongozi wake wa heshima.

Watu waliishi hivyo nchini humo kabla yake, yaani Waromani na wafanya maonyesho ya sokoni, ambao kwao gari lilikuwa ndiyo nyumba pekee. Katika muongo ule ule ambao tabibu wetu alikuwa akipongezwa njiani, mwanaharakati George Smith wa Coalville alikuwa akilisukuma bungeni pendekezo la sheria la kusajili na kukagua makazi yote yanayohamishika. Smith hakuwa mtu mwovu. Alikuwa amekwishapigania watoto waliofanyishwa kazi katika viwanda vya matofali, na shabaha yake ilikuwa afya na shule. Lakini waliolengwa waliona kilicho nyuma yake, yaani mkaguzi mwenye ruhusa ya kuingia chumbani mwao. Mwaka 1889 waliunda chama chao kupinga pendekezo hilo, nalo halikupita. Sijaona popote kwamba Stables alidhaniwa kuwa anahitaji kukaguliwa.

Ufaransa ilikwenda mbali zaidi, na hapa nawaomba wasomaji wangu mnivumilie, kwa kuwa ndipo jambo lenyewe lilipo. Sheria ya tarehe 16 Julai 1912 iliwagawa watu wa njiani katika makundi matatu: wachuuzi wanaozunguka wenye makazi ya kudumu, wafanya maonyesho wenye uraia wa Ufaransa wasio na makazi ya kudumu, na kundi la tatu lililoitwa wahamaji. Sheria haikutaja kabila. Haikuhitaji kutaja, kila mtu alijua ni nani aliyekusudiwa. Mhamaji alipaswa kubeba kijitabu chenye picha yake, alama za vidole na vipimo vya mwili: kichwa, sikio, mguu. Watoto kuanzia miaka 13 walikuwa na chao. Familia ilikuwa na kijitabu cha pamoja, na gari lao lilibandikwa kibao maalumu. Kila walipofika katika mji, na kila walipoondoka, kijitabu kilipigwa mhuri.

Zingatia matumizi ya rejista kama hiyo. Tarehe 6 Aprili 1940, kabla Wajerumani hawajaingia, amri ya serikali ya Ufaransa ilipiga marufuku mwendo wa wahamaji kwa muda wote wa vita. Majina yalikuwa tayari, na vituo vya polisi vilijua nani yuko wapi. Zaidi ya watu 6,000 walifungwa katika makambi yaliyosimamiwa na Wafaransa wenyewe, kubwa kuliko yote likiwa Montreuil-Bellay. Wa mwisho waliachiwa mwaka 1946, Paris ikiwa imekwishakombolewa tangu Agosti 1944. Wengi walitoka wakakuta magari na farasi wao havipo tena, yaani walikuwa wamepoteza nyumba kwa maana halisi. Kijitabu cha 1912 kiliondolewa mwaka 1969, lakini badala yake zikaja hati nyingine za kutembelea, ambazo zilifutwa kabisa mwaka 2017. Rais François Hollande alikiri wajibu wa taifa lake juu ya makambi hayo huko Montreuil-Bellay mwezi Oktoba 2016.

Msomaji wa Afrika Mashariki hawezi kushangaa sana. Kipande walichotundikiwa shingoni Waafrika wa Kenya baada ya Vita Kuu ya Kwanza kilitokana na sheria ya mwaka 1915, miaka mitatu tu baada ya ile ya Ufaransa, nacho kilikuwa na alama za vidole. Wala tusiwatupie wakoloni kila kitu. Sheria yetu ya Nguvu Kazi ni ya mwaka 1983, na wazee wa Dar es Salaam wanakumbuka jinsi watu walivyosombwa mitaani kwa kosa la kukosa kitambulisho cha kazi wakarudishwa "kwao". Neno hilo, kwao, ndilo linalonisumbua. Hata leo ukitaka huduma nyingi huna budi kuanza na barua ya serikali ya mtaa, inayothibitisha kwamba unalala mahali panapojulikana.

Marekani haina mjumbe wa nyumba kumi, lakini leseni, bima, kodi na kura vyote vinadai anwani. Hivyo kumezuka biashara halali ya kuwauzia wasafiri sanduku la barua na makao ya kisheria, hasa katika majimbo ya Texas, Florida na South Dakota, ambayo hayatozi kodi ya jimbo kwa mishahara. Huko South Dakota, msafiri amekuwa akitakiwa kuonyesha risiti ya kulala usiku mmoja tu ili apewe leseni. Upande wa kura mambo yamebadilika: mwaka 2023 jimbo hilo lilikaza masharti na kudai siku 30 za ukaazi. Usiku mmoja unatosha kulipia gari, lakini hautoshi kumchagua gavana.

Tena si wote waliomo katika magari hayo waliyachagua. Baada ya mtikisiko wa uchumi wa mwaka 2008, wazee wengi waliopoteza nyumba waligeukia magari, wakifuata vibarua vya msimu katika maghala na mashamba; mwandishi Jessica Bruder aliwaandika katika kitabu chake cha mwaka 2017, Nomadland. Kwa umbo, gari la mstaafu tajiri na la mzee aliyefilisika hukaribiana. Afisa wa mji ndiye huamua lipi ni utalii na lipi ni uzururaji.

Tarehe 28 Juni 2024, Mahakama Kuu ya Marekani, kwa majaji 6 dhidi ya 3, iliamua kwamba mji wa Grants Pass katika jimbo la Oregon haukukiuka katiba kwa kuwaadhibu wanaolala katika maeneo ya umma. Mmoja wa walioushtaki mji huo, Gloria Johnson, alikuwa akilala ndani ya gari lake. Faini ya kwanza ilikuwa dola 295. Sheria ndogo ya mji iliyobishaniwa ilieleza kambi kuwa ni mahali popote palipowekwa matandiko au jiko kwa ajili ya kuishi kwa muda, hata kama ni ndani ya gari. Matandiko na jiko ni vitu ambavyo rafiki yangu ameviandika katika mstari wa tatu na wa nne wa orodha yake.